Mguu wa Mama Funguo

Mama Funguo hakuwa na mguu mbovu. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu chuoni kwetu kuna kabati lenye karatasi ishirini na sita zinazosema alikuwa nao, na ya kwanza kati ya hizo niliiandika mimi.

Naomba usinihurumie ukisoma. Nimeshahurumiwa sana na watu wasioijua habari yenyewe, mama yangu mzazi akiwa wa kwanza, na kila wakinihurumia nazidi kuona haya.

Alikuwa mfagizi wa jengo letu la madarasa, ghorofa tatu, peke yake. Mwanamke mfupi, mwendo wa haraka, ndala zinapiga sakafu pa pa pa, hujamwona lakini umeshajua anakuja. Jina la Mama Funguo alipewa na wanafunzi waliotutangulia, kwa ajili ya ile pete kubwa ya waya aliyoifunga kiunoni, yenye funguo thelathini na tatu. Namba zilishafutika zamani, kwa hiyo kila ufunguo aliufungia kitambaa chake. Chekundu ni maktaba, cha maua ni ofisi ya mkuu wa chuo, na kipande cha soksi ya mtoto ni choo cha wanawake. Siku moja nilimuuliza kwa nini soksi. Akanijibu, "Kwani wewe ukibanwa una muda wa kuchagua rangi?" Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini hakuna aliyechelewa kufunguliwa mlango hata siku moja. Alikuwa hapo miaka kumi na tisa, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja.

Sisi tulikuwa arobaini na mmoja, mwaka wa mwisho, stashahada ya ustawi wa jamii. Yaani tunasomea kuwasaidia watu. Cheka tu, ruksa.

Tulikuwa na grupu la wasapu, linaitwa Tubebane. Mwalimu hayumo. Admini nilikuwa mimi, na wenzangu waliniita Sekretari, kwa kuwa nachapa kwa vidole gumba viwili haraka kuliko wao kwa vidole kumi. Grupu lilianza kwa nia njema, wallahi. Mtu akiumwa tunampigia picha ya ubao. Muhula wa pili tukaanza kutumiana majibu ya majaribio. Kufika muhula wa nne, mmoja anaandika kazi nzima, anaitupia grupuni, wengine "wanapaka rangi". Hilo ndilo neno letu. Unachukua kazi ya mwenzio, "kubwa" inakuwa "pana", "alisema" inakuwa "alieleza", aya ya tatu inapanda juu, umemaliza. Fundi mkuu wa kupaka rangi alikuwa kijana mmoja tukimwita Brashi. Mimi kama admini nilikuwa nimeweka mtambo ujumbe wote ujifute baada ya siku moja. Nilijiona nina akili sana.

Mwalimu wetu wa utafiti tulimwita Takwimu. Mtu mpole, anayeamini watu, na alikuwa na somo lake moja alilolirudia kila wiki. Mtu mmoja akikwambia jambo, hayo ni maneno. Wakikwambia ishirini, bila kuambizana, hiyo sasa ni taarifa, unaweza kuipeleka popote. Basi akatupa kazi ya mwisho, yenye nusu ya alama za somo. Kila mwanafunzi akae saa nzima na mfanyakazi mmoja wa chuo, amhoji, aandike maisha yake ya kazi, anasumbuliwa na nini, afya yake ikoje. Mfanyakazi mmoja anaweza kuhojiwa na wanafunzi wengi, ila kila mtu aende kivyake. Na ofisi ya wafanyakazi imeomba nakala, ijue hali za watu wake.

Hilo la ofisi alilisema mwishoni, watu tayari wanafunga mabegi. Nililisikia. Nikisema sikulisikia nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo.

Nilimfuata Mama Funguo akipiga deki koridoo ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikanyage hapo, pana maji."

Nikamweleza shida yangu. Akakamua tambara, akajinyoosha, akanitazama kama mtu aliyeletewa zawadi ambayo hakuitegemea. "Maisha yangu? Nikusimulie nimeinama hivi? Njoo kesho saa saba mchana, nikishamaliza ghorofa ya tatu. Tutakaa, tutaongea vizuri. Tena uje na maji ya kunywa, mimi nikianza simalizi leo."

Alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho.

Siku ya ahadi, saa saba, nilikuwa saluni, nasukwa. Nilijiambia nitakwenda kesho yake. Kesho yake nikaona aibu kwa kutokwenda jana, nikapitia mlango wa nyuma asinione. Siku tatu nikapita mlango wa nyuma. Grupuni watu wakaanza kunishika koo: Sekretari tupia kitu, Sekretari usitutupe, Sekretari tunakufa. Nikakaa kitandani kwangu hosteli, mchana kweupe, nikaandika maisha ya mtu niliyeongea naye dakika tatu.

Nilichokuwa nacho ni kimoja tu. Asubuhi moja niliwahi kumkuta kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, amekaa, anasugua goti la kulia. Basi. Goti hilo nikalitengenezea hadithi. Nikaandika kwamba mguu wa kulia unamtesa mwaka wa saba sasa, anapanda ngazi kwa kushika ukuta, anamwaga ndoo, siku nyingine anajifungia chooni alie. Nilitia chumvi mpaka machozi yakanitoka mimi mwenyewe, nikasema moyoni, lo, kumbe nina kipaji. Nikaitupia grupuni na maneno mawili: "Pakeni rangi."

Ishirini na tano wakapaka. Brashi akatoa ushauri: "Jamani tusifanane sana. Nusu muweke mguu wa kushoto." Watu wakampongeza kwa vidole gumba na vicheko. Kumi na wanne tukabaki na mguu wa kulia, kumi na wawili wakahamia wa kushoto. Kweli, tulicheka.

Takwimu alirudisha kazi macho yakiwa mekundu. "Ishirini na sita!" alisema. "Bila kuambizana! Miaka yote ninayofundisha sijawahi kupata taarifa inayoshikamana namna hii." Mimi nilipata themanini na tisa. Brashi alipata tisini na moja, kwa hadithi yangu. Kisha mwalimu akasema ameshazipeleka zote ofisini, na kwamba tutakuwa tumeyabadilisha maisha ya mama wa watu.  Nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Mama Funguo alitufungulia darasa la ghorofa ya tatu kama kawaida yake, akaingia, akafuta ubao. Alipomaliza hakutoka. Alisimama mbele, akatoa barua kwenye mfuko wa koti la kazi, akavaa miwani, akatusomea mwenyewe, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. Kwa kuzingatia taarifa za wahojaji ishirini na sita, imebainika kuwa miguu yako yote miwili imedhoofika.

Yote miwili. Kulia na kushoto. Ofisi ilikuwa imejumlisha.

Akaendelea. Chuo kinakujali na hakipendi uendelee kuumia. Kwa hiyo mkataba wako ukiisha mwisho wa mwezi huu, hutapewa mwingine, upate kupumzika.

Akakunja barua. "Nimekwenda ofisini," akasema. "Nikamwambia yule binti, twende tupande ngazi mimi na wewe, tuone nani atatangulia. Akanishika mkono, mama usijitese, kaa. Akaniletea kiti. Kila nikisimama ananirudisha kwenye kiti. Nimesema nipelekeni kwa daktari, akaniambia mama, watoto wameshatueleza, usione haya." Akatupitia macho mstari kwa mstari. "Mimi sikuja kugombana. Nauliza tu, wanangu. Nani kati yenu aliongea na mimi?"

Feni ya darini ilikuwa inazunguka. Brashi aliinama kufunga kamba za viatu. Macho ya Mama Funguo yalipofika kwangu yakasita kidogo, maana mimi ndiye niliyewahi kumwomba. Nikashika begi langu nikaanza kutafuta kalamu. Kalamu yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi.

"Haya," akasema. "Msome vizuri." Pa pa pa, akashuka.

Sijui nikuelezeje aibu ile. Watu husema unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Mimi sikutamani hata hilo, nilitamani arudi anitukane.  Grupuni Brashi akaandika: "Kimya, jamani. Mtu asilete kiherehere. Tukikamatwa ni kurudia mwaka, wote." Na ndivyo sheria ya chuo ilivyosema. Siku hiyohiyo mama yangu akanipigia simu kuniambia gauni langu la mahafali limekwisha, la buluu, amelishona kwa mkono wake, amelipiga pasi na kulitundika sebuleni, na kila mgeni anayeingia anaonyeshwa. "Hata wasiouliza nawaonyesha," akasema, akacheka. Mimi nikacheka naye. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo, nacheka na kila mtu.

Nilikaa siku tisa bila kufanya kitu. Siku tisa, mtu mzima na akili zangu. Nilikutana naye koridooni mara nne, namwamkia, ananiitikia. Mwezi ulipobakisha siku sita nikaona hapana, saa tatu asubuhi nikaandika grupuni: "Kesho saa nne naenda kwa Takwimu. Mama wa watu anapoteza kazi kwa mguu ambao hana. Tukienda wote hawataturudisha wote. Naomba twende wote."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya maktaba. Niliona alama za kusomwa zinageuka.  Kisha ukatokea mstari mdogo wa kijivu: Brashi ametoka. Ukafuata mwingine, ametoka. Mwingine. Walitoka wawili wawili, watatu watatu, hata wale kumi na watano ambao hawakumgusa Mama Funguo lakini walikuwa na yao mengine humo. Rafiki yangu tuliyelala kitanda cha juu na chini aliniandikia pembeni, "Nisamehe, siwezi, baba ataniua," halafu na yeye akatoka. Kufika saa nane mchana grupu la Tubebane lilikuwa na mtu mmoja, naye ni admini.

Nilikwenda peke yangu. Takwimu alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia kila kitu, saluni, mlango wa nyuma, goti, kupaka rangi. Aliomba aone huo ujumbe. Nikafungua simu. Hakukuwa na kitu, hata wa jana ulikuwa umeshajifuta, mtambo wangu mwenyewe. Kulikuwa na ile mistari ya kijivu tu, ametoka, ametoka.

"Kutoka kwenye grupu si kosa," akasema.

"Mwalimu, wengine wameandika kulia, wengine kushoto!"

"Ndiyo maana ofisi ikasema yote miwili."

"Muulize mama mwenyewe basi. Atakwambia hakuongea na mtu."

"Mama anataka kubaki kazini. Wewe ungekuwa yeye ungesema nini?"

Hata hivyo aliwaita, simlaumu. Aliwaita wote ishirini na tano kwa zamu, na wote wakaapa. Wengine walitaja mpaka saa na mahali walipokaa naye. Brashi alisema mama alimlilia begani. Nilikuwa pale nje ya mlango, nasikia.

Takwimu akaniita tena. Alionekana amechoka. "Wewe umekiri kuwa hukumhoji, kwa hiyo kazi yako naifuta, na utarudia mwaka. Zimebaki ishirini na tano." Akazinyoosha zile karatasi mezani, pembe zikakaa sawa. "Ishirini na tano bado ni taarifa."

Siku ya mwisho ya mwezi nilimtafuta Mama Funguo. Nilimkuta palepale koridoo ya chini, anakausha tambara.

"Shikamoo, mama. Mama, ni mimi. Niliyeandika ni mimi, wengine walinakili kwangu. Nimekwenda kusema, hawakunisikia."

Niliyaongea hayo harakaharaka nikitazama ndoo. Hakushtuka. "Najua ni wewe," akasema. "Wewe peke yako ndiye uliyeniomba. Wenzako hata salamu zao sizijui." Akatundika tambara kwenye msumari. "Siku ile nilikusubiri. Nilitoa viti viwili darasani nikaviweka dirishani, nikafuta vumbi. Nimekaa mpaka saa tisa."

Nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze, kazi haijaisha, twende juu tukafunge.

Alibeba ndoo na fagio. Nilitaka kumpokea ndoo, akanikatalia. Akazipanda zile ngazi pa pa pa, ghorofa ya kwanza, ya pili, mimi nyuma namfuata huku natweta, namwona kisigino tu kinapotea kwenye kona. Ghorofa ya tatu nilimkuta ameshafika, amesimama mbele ya mlango wa darasa letu.

"Mlango huu umevimba kwa mvua mwaka wa saba sasa," akasema. "Fundi nimemwomba mpaka nimechoka. Utarudia mwaka, si ndiyo? Basi tazama, maana atakayekuja hataujua. Zungusha ufunguo, inua kitasa juu, halafu goti. Hapa chini." Akaupiga kwa goti la kulia, mlango ukafunguka kwa kishindo. Akaingia, akafunga madirisha, akatoka, akaurudisha kwa namna ileile. Kisha akakaa kwenye ngazi ya juu, palepale nilipomwona asubuhi ile, akawa anasugua goti.

"Kila siku hivyo?" nikauliza.

"Kila siku. Kwani ninyi mlikuwa mnaingiaje?"

 Alisugua kidogo tu, akasimama, akakung'uta koti. Tulishuka. Kwenye ngazi za mwisho akageuka. "Hebu niambie. Ni upi?"

"Upi nini, mama?"

"Mguu. Mlisema upi mbovu?"

Nikamwambia. Mimi niliandika wa kulia, kisha mwenzetu akasema nusu waweke wa kushoto, ili tusifanane. Akaitazama miguu yake yote miwili ndani ya zile ndala, kwanza huu, halafu huu.

"Kumbe mligawana," akasema.

Getini alimkabidhi mlinzi ile pete. Mlinzi akaipokea kwa mikono miwili, akauliza, sasa mama, upi ni upi? Akamtajia zote, kitambaa kwa kitambaa, mpaka soksi. Mlinzi alishapotea kwenye cha tano, lakini aliitikia tu ndiyo, ndiyo. Kisha Mama Funguo akavua koti la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya funguo, akatoka nje ya geti.

Alipofika barabarani akasimama. Akaanza kuchechemea. Mguu wa kulia, hatua tatu, mkono umeshika paja, anayumba kama atakayeanguka. "Hivi, mwanangu?" akaniuliza bila kugeuka. Akabadilisha, wa kushoto, hatua tatu. "Au hivi?" Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta, hakujua kinachochekesha ni nini. Mimi nilibaki nimesimama getini. Naye hakungoja jibu. Alijinyoosha, akavuka barabara, akaenda zake kwa mwendo wake uleule.